Nukta Nyekundu Kwenye Ribiti

Kidole changu cha shahada cha mkono wa kushoto kina makovu saba, na kila kovu nakijua kisu chake. Hili refu ni la kisu chenye mpini wa kijani, kilichojikunja chenyewe nikiwa namenya muhogo. Haya mawili mafupi yanayofuatana ni ya visu viwili vya katoni moja, siku moja, kwa sababu baada ya kile cha kwanza kunikata nilitaka kujua kama na cha pili kina tabia hiyohiyo. Kilikuwa nayo. Hapo mmeshajua mimi ni mtu wa namna gani.

Nawaandikia ninyi mlioingia juzi kwenye maduka ya jumla ya Kikuubo, mnaofunguliwa katoni na kuambiwa "kagua" bila mtu kuwaeleza mkague nini. Mimi pia hakuna aliyenieleza mengi katika maisha. Baba yangu alikuwa polisi kutoka Lango, kaskazini mwa Uganda, nikazaliwa kwenye kambi ya polisi hapa Kampala, ndiyo maana Kiswahili kilitangulia mdomoni mwangu kabla ya lugha ya bibi yangu. Shule niliiacha darasa la sita. Nilipika chakula cha wajenzi wa barabara, nikafunga mikate kiwandani, nikauza viatu vya mitumba, nikashona mifuko ya shule. Kila kazi niliiacha mara tu nilipoielewa. Nilikuwa na begi moja la zipu, na nilijua kulijaza haraka kuliko mtu yeyote niliyewahi kukutana naye.

Kwenye visu nilifika nikiwa nauza chai. Nilikuwa nazunguka na chupa za chai kwenye korido za Kikuubo, nikipishana na wachukuzi wenye katoni kichwani, na katika duka moja la vyombo na vifaa nikamwona mzee amekaa nyuma kabisa karibu na dirisha. Mbele yake palikuwa na gogo la mti na rundo la visu vya kukunja, vile vya bei ya chini vinavyonunuliwa na kila mtu. Alichukua kimoja, akakifungua, akakigonga mgongo kwenye gogo, akakikunjia uso, akakitupa kwenye kikapu. Nilisimama pale mpaka wateja wangu wengine wakaanza kunitafuta.

"Hicho kina kosa gani?" nikamuuliza.

"Wewe najua namna gani iko na kosa?"

"Umekiangalia kama mtu aliyekukopa."

Alicheka. Huyo ndiye Afande Okot. Alikuwa fundi wa silaha jeshini, akastaafu, akaja kuwa mlinzi wa mlango wa duka hilo. Kisha siku moja mteja akarudi na kidole gumba kimefungwa bendeji, akaimwaga katoni nzima ya visu mlangoni watu wote wakiona. Mwenye duka akamwambia Afande, wewe ulishika bunduki maisha yako yote, hebu viangalie hivi vitu kabla sijaviuza. Meza ya ukaguzi ikazaliwa hivyo.

Mwenye duka tulimwita Nalongo, jina la heshima la mama wa mapacha, kwa kuwa alizaa mapacha. Nilipomwambia jina langu ni Akello akauliza maana yake. Nikamwambia kwetu ni msichana anayezaliwa baada ya mapacha. Akaniangalia kutoka kichwani hadi kwenye ndala.

"Kale," akasema, yaani sawa kwa Kiganda, "basi ulikuwa unanifuata mimi. Weka chini hiyo chai."

Mnapaswa kujua kwamba meza ile ilikuwa kichekesho. Kikuubo katoni inauzwa imefungwa kama ilivyotoka kwenye kontena. Ukiifungua, ni wewe na bahati yako. Majirani walisema Nalongo anavipeleka visu hospitali. Afande hakukasirika, alilipenda neno hilo akalichukua. Kwake kisu kilikuwa mzima, mgonjwa au maiti. Mzima kilipata nukta nyekundu ya rangi ya kucha na kwenda kuuzwa. Mgonjwa kilitibiwa kwa nyundo ndogo, tupa na mafuta ya cherehani. Maiti kilienda kwa wanunuzi wa chuma chakavu.

Ngoja niwape magonjwa yenyewe, maana yamebaki yaleyale hata kama viwanda vimehama. Kuna kisu kinachochungulia: ukikikunja, ncha inabaki nje kidogo, haionekani, lakini mfuko wa suruali utaiona, na paja litaiona baada ya mfuko. Pitisha kitambaa chepesi juu ya kisu kilichokunjwa. Kikinasa, kuna ncha. Kuna kisu kinachoegemea: bapa halikai katikati ya mpini, linakwaruza upande mmoja kila likifunguliwa na makali yanaisha kabla hujakata kitu. Kishike mbele ya dirisha, mgongo juu, utazame nafasi mbili za pembeni kama zinalingana. Kuna springi iliyochoka, ambayo kisu chake hufunguka chenyewe mfukoni; kikunje, kitikise kuelekea chini mara tatu, na usimame mbali na watu. Kuna chuma laini ambacho tupa inakimega kama sabuni. Na niliwahi kushika kisu kilichogongwa maneno ya Kiingereza kwamba hakishiki kutu, na kutu ilikuwa imeanzia ndani ya maneno hayohayo.

Ugonjwa mbaya kuliko yote ni loki mbovu na ribiti iliyolegea. Loki ni kile kipande cha chuma kinachozuia bapa lisijikunjie vidole ukiwa unakata. Ribiti ni ule msumari mfupi unaoshika bapa na mpini pamoja. Loki unaijua kwa kugonga mgongo wa bapa kwenye gogo, vidole vyote vikiwa nje ya njia. Ribiti unaijua kwa kushika ncha na kitambaa na kuisukuma kushoto na kulia. Ikicheza kama jino la mtoto wa miaka sita, ni mgonjwa.

Siku hizi mna taa za simu na vile vipimo vidogo vya kidijitali, na ni vizuri. Mimi ningevifurahia. Afande alipimia nafasi ya bapa kwa karatasi ya ndani ya pakiti ya sigara, ingawa hakuvuta. Aliziomba kwa wachukuzi. Aliniita kuruta kwa miaka yote tuliyokaa naye, na kila nilipoharakisha alisema, "Kuruta, hapana kimbiza kisu. Iko na wewe hapa, nataka enda wapi?"

Sasa niwaambie nilivyoharibu.

Afande aliweka ile nukta nyekundu kwenye mkia wa mpini, mwisho kabisa, na aliiweka baada ya kumaliza vipimo vyote. Mimi niliona mambo mawili. Kwanza, nukta ilipendeza zaidi juu ya kichwa cha ribiti. Ilionekana kama jicho la ndege. Pili, tulipoteza muda kusubiri rangi ikauke, na wachukuzi wenye haraka waliipaka kwenye vidole na kwenye mashati. Nikawaza: kwa nini nisipange visu thelathini kwa mstari, nivipake vyote nukta kwanza, halafu nirudi mwanzo wa mstari kuvipima rangi ikiwa imekauka? Kitakachoshindwa nitakifuta nukta yake. Niliiona hiyo akili kubwa kiasi kwamba nilitaka kumwamsha mtu nimweleze, na ilikuwa saa tatu asubuhi.

Afande alikuwa amekwenda Gulu kwenye mazishi ya ndugu yake, wiki nzima. Kabla ya kuondoka aliniwekea gogo lake mbele. "Kuruta, meza iko yako." Na Nalongo, akiwa amesimama mlangoni na mkoba wake, aliongeza la kwake: "Nisikie mzigo mmoja tu umerudishwa, Akello, meza hii naitoa. Afande atarudi mlangoni, nami nitauza katoni zikiwa zimefungwa kama wenzangu. Nimechoka kuchekwa."

Wiki hiyo nilikuwa hodari. Kikapu cha wagonjwa kilikuwa karibu tupu. Nalongo alikichungulia akanisifu, akasema kiwanda kimejirekebisha. Nilikubali sifa kwa niaba yangu na kwa niaba ya kiwanda.

Mwisho wa wiki akaja Mama Kavira, Mkongomani kutoka pande za Butembo. Alikuwa ameanza Kampala kwa kutembeza beseni la vyombo kichwani, na sasa alikuwa na wanawake kumi na wawili, wakimbizi wenzake, waliotembeza mali pamoja naye. Alichukua katoni mbili zangu. Ulikuwa mzigo wake wa kwanza mkubwa.

"Dada," akaniambia akiwa anafunga kamba, "hawa banamuke walikuwa na mashaka. Walisema visu ni hatari, tuuze vijiko. Ni mimi niliwaambia, za Nalongo ziko sawa. Kama moja inakata mtu, mi sina jina tena kwao. Unaelewa?"

"Naelewa, mama. Nimevipima mwenyewe."

Akaondoka asubuhi. Afande akarudi kutoka Gulu saa moja baadaye, na mchana nikakaa chini kumenya matoke ya wafanyakazi kwa kisu chenye nukta niliyoipaka mwenyewe siku tatu kabla. Nilipofika ndizi ya kumi na kitu, bapa likaanza kucheza. Kushoto, kulia. Nikalitazama. Pembeni mwa ribiti kulikuwa na vipande vidogo vyekundu, kama maganda ya rangi kwenye kucha ya mtu aliyefua nguo.

Nilielewa mara moja, na hilo ndilo lililoniuma. Rangi ilikuwa imeingia ndani ya ribiti ikiwa bado maji, ikajaza ile nafasi ndogo, ikakauka. Visu vilivyolegea vilikazwa na rangi ya kucha. Mimi nikaja nyuma nikavisukuma kushoto na kulia, nikavikuta imara, nikavipitisha. Kiwanda hakikuwa kimejirekebisha chochote.

Begi langu lilikuwa chini ya meza. Sitawadanganya: nililiangalia kabla ya kumwangalia Afande. Lakini yeye alikuwa amenyoosha mkono, anataka kisu.

"Kuruta, hii nini?"

"Rangi, Afande."

"Mimi naona iko rangi. Mimi nauliza, nani aliambia rangi ingia ndani?"

Nikamweleza yote, mstari wa visu thelathini, jicho la ndege, Mama Kavira. Alisikiliza huku anakifungua na kukifunga kile kisu, mpaka rangi yote ikadondoka kwenye goti lake. Kisha akacheka, kicheko kifupi cha puani.

"Hii jeshi yote ya Uganda hapana moja aliwahi tibu bunduki na rangi ya kucha." Akakikunja kisu. "Wewe nataka kimbia?"

"Nilikuwa nafikiria."

"Fikiria juu ya boda. Twende."

"Na Nalongo?"

"Iko nyumbani kwake leo. Tutaambia yeye habari mzima kesho. Habari nusu naumiza kichwa ya mtu."

Tulipanda boda moja, dereva, mimi, na Afande nyuma akiwa amekumbatia gogo lake. Dereva alikataa kuondoka kwanza. "Mzee, huo mti ni abiria wa ngapi?"

"Hii iko mkubwa yangu kwa kazi. Endesha."

Mama Kavira alikaa Ntinda, nyuma ya maduka, kwenye uwanja wa nyumba za kupanga. Magari yalikuwa yamesimama barabara nzima, na kila tuliposimama nilivisikia akilini vile visu vikifunguliwa kwenye viganja vya watu. Tulipofika wanawake walikuwa wamekaa kwenye mikeka, kila mmoja na beseni lake, wanagawana. Wawili walikuwa tayari wamejitwika.

"Mulisahau kitu?" Mama Kavira akauliza akitabasamu.

Nilikuwa nimepanga maneno njiani, yakakataa kutoka kwa mpangilio. Nikasema tu kwamba baadhi ya visu vile vimelegea, kwamba nilivipaka rangi vibaya na rangi inaficha ugonjwa, na kwamba kosa ni langu, si la Afande wala la Nalongo.

Tabasamu lake likaenda. "Asubuhi niliwaambia hawa hizi visu hazina shida. Sasa unakuja kunisemea hii mbele yao?"

"Ningekuita pembeni, mama, na wale wawili wangeshafika barabarani."

Aliwageukia wale wawili, akawafanyia ishara washushe mabeseni. Halafu akaniuliza swali ambalo nililiogopa kuliko matusi. "Ni ngapi mbovu?"

"Sijui. Ndiyo maana nimekuja na mikono badala ya jibu."

Mwanamke mmoja akasema alishaonya kuhusu vijiko. Mwingine akasema afadhali kurudisha vyote. Mama Kavira alikuwa amesimama katikati yao, na niliona anahesabu nyuso. Ndipo mmoja wao, aliyekuwa akipaka watu kucha saluni asubuhi, akatoa chupa ya ile dawa ya kutolea rangi. "Kama ni kucha, si tufute?"

Tukaanza. Yeye anafuta ribiti kwa pamba, mimi nasukuma ncha kushoto na kulia, Afande anagonga kwenye gogo. Ilikuwa kazi ya taratibu mno. Mbele yetu kulikuwa na katoni mbili, na jua lilikuwa linaelekea upande usiotufaa.

Kulikuwa na bibi mmoja pale, wote walimwita Koko. Alituangalia kwa muda, kisha akapindua beseni lake la plastiki, akachukua kisu kilichofutwa, akakigonga mpini juu ya kitako cha beseni. Beseni likasema tap. Akachukua kingine. Likasema ta-tap.

"Hii ya pili iko na mtu ndani anajibu," akasema.

Nikakishika kile cha pili, nikakisukuma. Kilikuwa kimelegea. Nikakishika cha kwanza. Imara kama msumari ukutani. Afande aliomba beseni, akagonga mwenyewe, kimoja, cha pili, cha tano. Kisha akalisukuma gogo lake pembeni kwa mguu, lile aliloliheshimu miaka yote ile, akamwambia Koko, "Mama, wewe ulikuwa kikosi gani?"

"Kikosi ya kuuza sahani," Koko akasema. "Ukitembeza sahani miaka mingi, unajua yenye ufa kwa masikio. Macho inadanganywa."

Kufikia hapo mabeseni yote kumi na mawili yalikuwa yamepinduliwa. Dawa ya kutolea rangi ikaisha, mtu akatumwa akaleta nyingine. Niliwafundisha kitambaa cha ncha inayochungulia na kutikisa mara tatu kwa springi. Wao wakanifundisha kusikiliza. Afande aliwapa lugha yake ya hospitali, wakaichukua kwa furaha. "Mzima." "Mzima." "Mgonjwa, Afande, pokea." Mmoja akapata kisu ambacho bapa lilitoka lote mkononi, akakiinua na kuuliza kama tumzike leo au tungoje ndugu. Watoto wa nyumba za jirani waliacha mpira wao, na mama zao wakaja kuona ni ngoma gani inapigwa bila harusi. Kabla hatujamaliza, majirani watatu walikuwa wameshanunua, kila mmoja akisisitiza agongewe chake mbele yake.

Wagonjwa walikuwa wengi kuliko nilivyotaka, wachache kuliko nilivyoogopa. Tukawafunga kwenye gunia. Afande aliahidi kuwatibu wote kwa nyundo yake na kuwarudisha. Mama Kavira hakuniambia asante, na hakupaswa. Alisema tu, "Kesho niko nakuja dukani." Sikujua anakuja kufanya nini, na jioni yote ile nilijua meza ya Afande iko mikononi mwake.

Asubuhi Nalongo alilikuta gunia kabla hatujafungua mdomo.

"Mzigo umerudishwa," akasema.

"Haukurudishwa, Nalongo. Tuliufuata sisi."

"Tofauti yake nini?"

Nikamweleza habari nzima, na sikujipunguzia chochote. Afande alisimama kando yangu kama yuko gwaride. Nalongo alitazama gunia, akatazama meza, na akamwita mchukuzi aje. Nikajua anaitwa kuitoa meza. Ndipo tukasikia sauti za wanawake kwenye korido, na Mama Kavira akaingia na wenzake wote nyuma yake, mabeseni kichwani, wakaijaza ile korido mpaka wachukuzi wakaanza kulalamika.

"Nalongo, mi sikuje kugombana," akasema. "Jana hawa waliona kila kisu wenyewe, na jana hiyohiyo tuliuza bila kutembea. Leo niko nataka katoni nne. Lakini hapana zile zimefungwa. Nafungua hapa, banamuke yangu wanakaa hapa, wanagonga wenyewe. Huyu dada yako na mzee wanaketi nasi."

"Huyu ndiye aliyekuuzia wagonjwa," Nalongo akasema, akinionyesha kwa kidevu.

"Ni yeye. Na ni yeye alipanda boda na gogo kuja kuniambia. Wengine walishaniuzia wagonjwa, hawakupanda kitu."

Koko alikuwa ameshakaa kwenye kiti changu na kupindua beseni. Tap. Tap. Ta-tap. Wengine wakakaa sakafuni, kwenye katoni, mlangoni. Jirani mmoja wa wale waliotuita hospitali akaja kuuliza kuna nini, na akakuta wateja wake wawili wamesimama pale wanasikiliza, mmoja amepinda shingo. Mteja kutoka Kenya akauliza kama hivyo ndivyo visu vinavyopimwa, na kama na yeye anaweza kugonga. Koko akampa kimoja. Kikasema tap, na yule mwanaume akacheka kama aliyefaulu mtihani.

Yule mchukuzi aliyeitwa alikuwa bado amesimama, mikono tayari. "Nnyabo, mama, meza naipeleka wapi?"

Nalongo aliwatazama wanawake walioenea mpaka kwenye korido, akamtazama Afande, akachukua chupa ya rangi ya kucha kutoka mbele yangu na kuitia kwenye mkoba wake.

"Iache hapohapo," akasema. "Kaniletee nyingine ya kuiunganisha nayo. Hii haiwatoshi."